Bega la Mpiga Vugo

Baba yangu alikuwa Makame bin Haji, mzaliwa wa Tumbatu. Mama yangu alikuwa Mosi binti Shaali, mzaliwa wa Kendwa, na Kendwa ndiko nilikozaliwa mimi, Mwanakhamis. Andika majina hayo kwa ukamilifu wake, Zuhura mjukuu wangu, wala usiyafupishe. Skuli sikuingia na kalamu sikupata kuishika, ndiyo sababu mimi ninasema na wewe unaandika. Ukiona neno langu lina ukali, liache na ukali wake. Sikukuita uje kunipamba.

Maneno haya nawaambia nyinyi vijana, na hasa mabinti, mnaonijia kila siku mkisema, "Bibi, tufundishe kuumika." Mmeona vikombe vya plastiki na pampu yake, mmeona watu wakitoka na mabaka ya duara mgongoni, mkadhani kazi ni hiyo. Kikombe hakijui kitu. Kikombe kinafyonza popote utakapokiweka, hata juu ya ukuta laini kitashika. Anayejua, au asiyejua, ni wewe uliyekishika.

Kuumika ni kukiweka chombo juu ya mwili na kuitoa hewa iliyomo ndani yake, nyama ikainuka, na msuli uliokaza ukapata nafasi ya kulegea. Zama zetu, miaka ile ya hamsini, chombo chetu kiliitwa chuku. Ilikuwa pembe ya ng'ombe iliyokatwa fupi, yenye mdomo mpana upande mmoja na tundu dogo kwenye ncha. Unaupaka mwili mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, unaiweka chuku, unafyonza kwa kinywa kupitia lile tundu, kisha unaliziba tundu kwa nta. Na nta hiyo haishikwi kwa mkono. Inakaa kinywani tangu mwanzo, kati ya shavu na ufizi, na ulimi ndio unaoisukuma mpaka kwenye tundu wakati pumzi yako ingali imevutwa. Ukichelewa kidogo, hewa inarudi, nawe unaanza upya mbele ya mtu anayekutazama.

Wapo waliokuwa wakichanja na kutoa damu. Sisi hatukuwa hao. Nilifunzwa chuku kavu peke yake, kwa ajili ya misuli iliyokaza, migongo iliyochoka na mabega yaliyogoma. Wembe haujaingia katika mkoba wangu mpaka leo.

Aliyenifunza alikuwa mavyaa yangu, Bi Tatu, mama yake babu yako. Niliolewa nikaletwa mjini, Malindi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya bandari. Mume wangu alikuwa mchukuzi wa mizigo pale bandarini, na mama yake alikuwa akiwaumika wanawake wa mtaa mzima. Siku aliyoona nimeshazoea jiko lake, akanikalisha chini akaniambia, "Mkamwana wangu, una mashavu mazuri. Njoo."

Hakunipa mgonjwa. Alinipa chuku moja na paja langu mwenyewe. Ilinipasa niibandike pajani, niteremshe kanga, kisha niinuke nikapike, na chuku isianguke mpaka wali umekauka. Nilipika wali mwingi mbovu mwaka ule. Siku moja aliingia jirani kuomba moto wa mkaa, nikainama kumchotea, chuku ikaniponyoka ikagonga sakafu na kubingirika mpaka miguuni pake. Yule mama aliitazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, umezaa?" Mavyaa yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka ghafla, akanielekeza chuku kwa kidole. "Okota. Anza tena."

Nilipoweza paja, nikahamia mgongo wa mume wangu. Hakuulizwa. Alikuwa akirudi kutoka bandarini misuli imekaza kama ubao, naye akalala kifudifudi huku mama yake na mimi tukibishana juu yake. Mwanzoni nilimwacha na chuku muda mrefu mno, na kesho yake wenzake walimwona akivua shati. "Ee bwana, umelala na nani jana, na pweza?" Jina la Pweza lilimganda, na wapo watu wa Malindi waliomjua kwa jina hilo tu. Hata hivyo alikuwa akibeba magunia yake bila kuinama upande, na baada ya muda wale wale waliomcheka wakaanza kumuuliza kwa sauti ya chini kama ana mjomba anayefanya kazi hiyo kwa wanaume.

Jambo la kwanza nililofunzwa la maana lilikuwa kwamba mkono hutangulia chuku. Kabla ya kupaka mafuta, pitisha viganja vyako kuanzia shingoni mpaka kiunoni, polepole, na usiseme na mtu. Msuli mzima unakubali kidole na kukirudisha. Msuli uliokaza unakikataa. Wakati mwingine utakuta pameviringana kitu kama kamba ya makumbi, na ukibonyeza, mgonjwa atavuta pumzi kwa ndani. Hapo ndipo pa kukumbuka.

Jambo la pili ni kujua kukataa. Mtu mwenye homa usimuumike. Tumbo la mjamzito usiliguse. Ngozi yenye kidonda, mguu wenye mishipa iliyotutumka, mtu ambaye akijikwaruza damu haikatiki, wote hao wapeleke hospitali, na uwapeleke kwa heshima, si kwa kuwaogofya. Alinijia mama mmoja kutoka Kiwengwa, mpiga makumbi ya nazi, amefunga safari ndefu ili nimtoe maumivu ya mgongo. Nikampitishia mkono, nikauona mwili una moto. Alikasirika sana nilipofunga mkoba. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka hospitali, yeye mbele akininunia, mimi nyuma nimembebea kikapu. Alipopata nafuu aliniletea nazi, akazitua mlangoni bila salamu, akaenda zake. Nazi zile zilikuwa nzuri.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mavyaa yangu alianza kupoteza meno. Kwa mtu mwingine hilo ni tatizo la kula tu. Kwa mwumishi ni mwisho wa kazi, kwa sababu mdomo usio na meno ya mbele hauwezi kuikaza ncha ya pembe, na shavu halishiki pumzi. Chuku zake zikaanza kulegea. Wanawake wa Malindi walikuwa wakimstahi, hawakumwambia neno, ila walipungua. Kila mmoja aliyepungua, mavyaa yangu alimjua, naye alikaa barazani akiwatazama wakipita upande wa pili wa njia kwa haraka, mabuibui yamevutwa usoni kama hawamwoni.

Wakati huo huo bega la Bi Aziza likagoma.

Bi Aziza ndiye aliyekuwa kiongozi wa vugo la Malindi. Nyinyi wa leo harusi zenu ni za maspika, hamjui vugo. Vugo ni wanawake wanaotembea mitaani siku ya harusi, kila mmoja ana pembe kubwa mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, wakizipiga pembe hizo na kuimba. Upande wa bibi harusi una vugo lake, na upande wa bwana harusi una lake, nao wakikutana njiani ni mashindano. Kwetu desturi ilikuwa kwamba kiongozi huishika pembe juu ya kichwa chake. Ikishuka chini ya bega, wimbo umemponyoka, na upande wa pili unauchukua. Wakiuchukua, wataimba watakalo juu yako mpaka mlangoni, na utalisikia sokoni mwaka mzima.

Harusi iliyokuwa ikija ilikuwa ya binti wa pekee wa Bi Aziza. Bwana harusi alikuwa wa Mkunazini, na kiongozi wa vugo la Mkunazini alikuwa Bi Rukia, mwanamke mwenye sauti ya kupasua koko la embe na ulimi wa kufaa sauti hiyo. Bi Aziza hakuweza kuinua mkono wa kushoto mpaka kwenye sikio lake. Akatuma mtu kumwita Bi Tatu.

Mavyaa yangu aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho. Kisha akauchukua mkoba wa chuku akaniwekea mapajani.

"Nenda wewe."

"Mama, wamekuita wewe."

"Nimesikia walivyoita. Mimi ningekwenda na kinywa hiki, wangeniona nikihangaika. Nenda. Ukiweza, chuku hizi zitaendelea. Ukishindwa, hatutakuwa na haja ya kuzipaka mafuta tena."

Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitunguu.

Nilimkuta Bi Aziza chumba cha juu, amezungukwa na wanawake wanaoshona mapazia na mito ya harusi.

"Shikamoo, Bi Aziza."

"Marahaba. Bi Tatu yuko wapi?"

"Amenituma mimi."

"Yarabi! Nimemwita mwenye chuku, kanletea mtoto wa Kitumbatu. Hebu geuka nikuone. Mashavu yenyewe ndo hayo? Utafyonza nini weye, ubuyu?"

Wanawake wakacheka, nami nikajitia kucheka. Kisha, kwa kuwa yeye hakuwa mtu mbaya na nyumba yake ilikuwa nyumba ya adabu, akanisogezea kijaluba cha tambuu. Akaikunja yeye mwenyewe kwa mkono mmoja mzima, jani, chokaa, popoo na katu. "Tafuna kwanza, mgeni."

Nilipokea nikatafuna. Mkubwa wako amekukunjia tambuu na bega linamuuma, utakataa vipi?

Nikampaka mafuta, nikaweka chuku palepale aliponionesha, juu ya bega, nikafyonza. Ikashika. Nikaweka ya pili, na kabla ya ya tatu, ile ya kwanza ikaanguka. Nikairudisha. Ikaanguka ya pili. Kinywa changu kilikuwa kimejaa mate mekundu, na nta ilikuwa ikiteleza juu ya tundu kama sabuni. Kadiri nilivyofyonza ndivyo mate yalivyozidi. Chuku moja iliingia chini ya kitanda, paka akatoka mbio, na mama mmoja mwenye sindano akasema bila kuinua macho, "Mapera hayo yameshaiva, yanadondoka yenyewe."

"Rukia akiyasikia haya," akasema mwingine, "wimbo wake umeshakamilika."

Hapo kicheko kikakatika. Bi Aziza akajifunika kanga, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Kusanya pembe zako, mwanangu. Miye nna harusi, sina wakati wa mchezo."

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya mavyaa yangu. Hakuniuliza. Alisema, "Fumbua kinywa." Nikafumbua.

"Tambuu."

"Alinikunjia mwenyewe, mama. Ningemkatalia vipi?"

"Nani kakwambia umkatalie? Unaipokea kwa mikono miwili, unaifunga kwenye pindo la kanga, unasema utaila kwako kwa nafasi. Mimi Aziza ananikunjia tambuu tangu hajaolewa, sijala hata moja. Nampa jirani. Unafikiri yule jirani anatupenda kwa nini?"

Nikataka kulia, akanizuia kwa mkono. "Lia kesho. Sasa niambie, bega lake ulipolipitishia mkono uliona nini?"

Mkono sikuupitisha kabisa. Nilicheka walipocheka, nikala nilipopewa, nikaweka chuku nilipooneshwa. Nilikwenda kama mgeni, sikwenda kama mwumishi. Mavyaa yangu alinitazama mpaka akaona nimeelewa, kisha akasema, "Asubuhi unarudi."

"Hataniruhusu."

"Basi mwombe mkono wake tu. Mkono si chuku, hauanguki."

Nikamwomba afuatane nami. "Sendi," akasema. "Nikenda, zikishika watasema ni za Bi Tatu, zikianguka watasema ni za Mtumbatu. Nenda peke yako, ziwe zako vyovyote zitakavyokuwa."

Asubuhi nilisukutua kinywa, nikakipangusa kwa kitambaa kikavu, nikaenda. Bi Aziza aliponiona mlangoni alishusha pumzi.

"Umesahau chuku chini ya kitanda?"

"Nimekuja kukuomba mkono wako, Bi. Mkoba wangu nimeuweka chini, na utabaki umefungwa. Nikishauona mkono nitakwenda zangu."

Hakuwa na nguvu ya kubishana, maana hakulala kwa maumivu. Akanipa mgongo. Nikaanza shingoni, nikateremka bila kusema. Palipokuwa pakimuuma, juu ya bega, palikuwa laini. Kidole kiliingia na kurudishwa. Nikashuka chini ya ubao wa bega, kisha nikaingia upande wa kwapa, na hapo nikaikuta: kamba ngumu, imeviringana kutoka ubavuni mpaka nyuma ya kwapa. Nilipoibonyeza, Bi Aziza aliita jina la mama yake. Nikainua kanga nitazame. Kwenye ubavu, chini kidogo ya kwapa, palikuwa na alama ya mwezi mwandamo, kijani kinachoanza kugeuka njano. Alama ya kitu kigumu kilichobanwa, tena mara nyingi.

"Bi Aziza," nikamuuliza, "unabana nini kwapani?"

Akageuza shingo kadiri ilivyomruhusu, akawaambia wenzake, "Nendeni mkaitazame chai."

"Chai imeshaiva, Bi."

"Basi mkaitazame ilivyoiva!"

Wakatoka. Akanivuta karibu. "Ukilitoa neno hili nje, miye na weye tutakutana kwa Mola."

"Nakusikiliza."

"Nimetunga mdundo mpya wa harusi ya mwanangu. Mzuri, hawajapata kuusikia. Lakini ukuta huu unaouona, nyuma yake anakaa binamu wa Rukia, na sikio lake amelibandika hapo tangu posa. Nitaufanyia wapi mazoezi? Nikaivika pembe kanga mbili, nikaibana kwapani isilie, nikawa napiga humo humo ndani ya buibui. Jikoni nimo nayo. Sokoni nimo nayo." Akainamisha uso. "Hata kwenye matanga ya marehemu shemeji yangu nilikuwa nayo. Watu wakaniona natikisika, wakadhani nalia."

Nilijiuma ulimi nisicheke, vijana wangu, na niliuuma kwelikweli. Mwanamke huyu alikuwa amembana ng'ombe kwapani usiku na mchana, kisha analilaumu bega.

Nikamwambia, "Nitafungua mkoba sasa." Hakunizuia. Akanyoosha mkono kwenye kijaluba, akanikunjia tambuu. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Aliona, akatabasamu kidogo. "Amekufunza Bi Tatu."

Kwa hiyo alikuwa akijua siku zote.

Niliweka chuku moja nyuma ya kwapa, mbili chini ya ubao wa bega, na moja ndogo kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, kwa sababu mkono unaoshika pembe hukaza mpaka huko. Juu ya bega sikuweka kitu.

"Mbona huweki panaponiuma?"

"Hapo panalalamika tu, Bi. Palipofungwa ni huku chini."

Zikashika zote. Niliona nyama ikipanda ndani ya pembe, na nta imekaa juu ya tundu imara, kavu. Nikamwambia apumue, nikaushika mkono wake chini ya kiwiko nikauzungusha polepole huku chuku zikiwa mgongoni, zikicheza kama viumbe hai. Nilizitoa kabla ngozi haijaingia weusi. Kuitoa nako kuna adabu yake: usiing'oe. Bonyeza ngozi kwa kidole pembeni mwa mdomo wa chuku, hewa iingie, itaachia yenyewe.

"Sasa nipe pembe yako," nikasema.

"Pembe yangu ya vugo? Unitie wazimu?"

"Ikibaki humu utaibana. Itakaa kwangu mpaka siku ya harusi."

"Nitausahau mdundo!"

"Umeupiga sokoni, umeupiga matangani. Hautakusahau."

Tulivutana kwa maneno muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Mwishowe aliitoa chini ya mto, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto. Nikatoka nayo ndani ya buibui langu, nikampita yule binamu wa Bi Rukia akifagia mlangoni pake, nikamwamkia kwa adabu, na mkono wangu nimeuacha umening'inia mbali na kwapa, nisije nikaibana na mimi.

Nilirudi kila baada ya siku chache. Kati ya siku hizo nilimpumzisha, maana msuli hauponi wakati umeubana, unapona ulipouacha. Nilimwagiza kitambaa cha maji ya moto, na kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, kidogo kidogo, akikomea pale panapokataa. Alilalamika kila siku. Kila siku nilimuuliza, "Vipi bega?" naye alijibu, "Bado, bado." Nikaanza kuogopa, kwa kuwa mkono wangu uliniambia kamba ile imelegea, na kinywa chake kikaniambia haijalegea.

Ijumaa moja sikumuuliza. Nilikaa, nikakohoa, nikasema, "Bi Aziza, nna kiu. Nipatie maji kwa ile bakuli ya maua." Bakuli ile ilikuwa kwenye kidaka cha juu kabisa ukutani. Akainuka akinung'unika juu ya wageni wa siku hizi wanaochagua vyombo, akanyoosha mkono wa kushoto, akaitoa. Alikuwa ameshanimiminia maji alipoganda. Akautazama mkono wake. Akairudisha bakuli kidakani, na maji ndani yake. Akaitoa tena. Kisha akapiga kigelegele ambacho naamini binamu aliye nyuma ya ukuta alikisikia vizuri.

Tangu siku hiyo sijapata kumuuliza mgonjwa kama amepona. Mtu aliyeogopa maumivu muda mrefu huendelea kuyajibu hata yakishaondoka. Mpe kazi ile aliyoshindwa, na umpe kama hujali.

Siku ya harusi nilimrudishia pembe yake mlangoni kwake. Aliivua kanga zake mbele ya wanawake wote wa Malindi, akaipiga mara moja kuisikia. Tukatoka. Mavyaa yangu alikuwa barazani. Tulipopita alishuka akaingia katikati yetu, akitembea taratibu.

Mkunazini walikuwa wakitusubiri kwenye njia nyembamba, mahali ambapo makundi mawili hayawezi kupishana bila mmoja kusimama. Bi Rukia alikuwa mbele, pembe juu.

"Aziza!" akaita, na nyumba za pande zote mbili za njia ile zikafungua madirisha. "Bega limepona, au Mtumbatu wako amekufunga kamba chini ya buibui?"

Wenzake wakaangua kicheko. Bi Aziza aliinua mkono wa kushoto, ukapita bega, ukapita sikio, ukanyooka mpaka kiwiko kikawa hakina kikunjo, na akaanza ule mdundo. Sina maneno ya kuwaelezea, na wewe Zuhura usijaribu kunitungia. Kuta zile za mawe zilikuwa zikiupokea na kuurudisha, watoto wakanyamaza, na wanawake wetu wakaingia mmoja mmoja kama waliozaliwa nao. Bi Rukia alipambana. Alikuwa mpigaji, sitamnyima haki yake. Lakini alikuwa akiufuata mdundo asioujua, na mtu anayefuata huchoka kabla ya anayeongoza. Pembe yake ikafika usoni, ikafika kidevuni, ikashuka chini ya bega. Kwa desturi, Mkunazini wakasimama ukutani, wakatupisha, wakaitikia wimbo wetu sisi mpaka mlangoni kwa bwana harusi. Bi Aziza hakuushusha mkono njia nzima. Binti yake alikuwa akilia kwa furaha ndani ya ukaya uliomfunika uso.

Nilipokuwa nikipita, nilishikwa kiwiko. Alikuwa Bi Rukia, jasho linamtiririka. "We mtoto wa chuku," akaninong'oneza, "kwenu ni nyumba gani? Miye mwenyewe kiuno hakinipi raha."

Asubuhi yake baraza letu lilikuwa limejaa. Nilikuwa uani nikiosha sufuria za harusi, na nikamsikia mavyaa yangu akifungua mlango.

"Mnamtaka nani?" akawauliza.

Wakatazamana kwa haya. Kisha mmoja akasema, "Mwanakhamis, Bi."

Mavyaa yangu akageukia ndani, akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tena katika maisha yangu, sauti ya mtu aliyeshinda. "Mwanakhamis!"

"Naam!"

"Wagonjwa wako."

Miaka mingi imepita juu ya hayo. Baadaye nilijifunza gilasi na moto wa spiriti, na sasa ninyi mna pampu. Sina ugomvi nazo. Pampu haina meno ya kung'oka, na ni safi kuliko kinywa cha mtu. Itumieni, na kila chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla hakijagusa mwili wa pili. Siri ya Bi Aziza nimeisema leo kwa kuwa yeye ametangulia mbele ya haki, na binti yake, aliyenipa ruhusa, alicheka mpaka akapaliwa.

Zuhura, weka kalamu vizuri, haya ni yako wewe. Chuku za mavyaa yangu zimo ndani ya kasha, zipake mafuta zisipasuke. Watakuja watu wa mahoteli kutaka kuzitundika ukutani. Waambie zina kazi. Uliyoyaona kwenye migongo ya watu yabaki mikononi mwako, yasifike mdomoni. Na jambo la mwisho, uliandike kwa herufi kubwa kama unazo. Mavyaa yangu alikuwa na mabinti wawili wa kuwazaa mwenyewe, wote wenye meno na pumzi, na chuku akanipa mimi, mke wa mwanawe, mtoto wa kuletwa. Ikifika zamu yako ya kuzitoa, usitazame tumbo alilotoka mtu. Tazama mikono yake inafanya nini kabla hajafungua mkoba. Ukimpata, mpe zote, usibakishe hata moja ya ukumbusho, kisha ukakae mlangoni. Na watu wakija kukuuliza wewe, wewe mwite yeye.